Nikinyamaza, Ujue Inawaka

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Ehe, nilikuwa nimefika wapi? Pale kwenye soketi ya jikoni. Jana nimeandika mistari miwili tu, maharage yakaanza kuungua, nikakukimbia. Basi sogea, shoga yangu daftari, nikumalizie, maana nisipokwambia wewe nitapasuka.

Mzee wangu Sabiri alikuwa amechuchumaa pale jikoni na testa yake. Testa ni kile kibisibisi chembamba chenye kitaa tumboni. Unakichomeka kwenye tundu la soketi, unaweka kidole juu kwenye kile kibati cha kichwani. Umeme ukiwepo kitaa kinawaka, usipokuwepo hakiwaki. Hata mimi wa darasa la nne naelewa. Basi nikamwona kakichomeka, kitaa kikawaka rangi ya chungwa, mimi nakiona toka mlangoni na ungo wangu wa mchele. Yeye akachungulia, akasogeza uso mpaka pua ikataka kugusa ukuta, akasema, "Umeme umekatika huu." Akachukua bisibisi nyingine aifungue soketi.

Nikapiga kelele mpaka mchele ukamwagika. "Baba Najiat! Si inawaka hiyo!"

Hakugeuka. Akauliza taratibu, "Inawaka?"

Miaka ishirini na tisa ya ndoa, sauti ile sijawahi kuisikia. Sauti ya mtu aliyekamatwa. Ndiyo akakaa chini akanieleza. Macho yana ukungu tangu kiangazi. Watu anawaona, njia anaiona, waya anauona, ila kitaa cha testa mchana hakioni kabisa. "Kama naangalia ndani ya kikombe cha chai ya maziwa," kasema. Halafu akaninyooshea kidole. "Hili likifika kwa jirani yako Mwamvita limefika stesheni. Nani atamwita fundi umeme asiyeona?"

Mimi! Kuambiwa nisiseme! Mimi ambaye hapa mtaani Ng'ambo mtu akitaka kujua nani kaposwa anapita kwangu kabla hajaenda kwa wenye harusi! Ndiyo maana nimefukua hili daftari la shule la Najiat, limebaki kurasa kibao na mwenyewe kaolewa zamani yuko Igalula. Sina pengine pa kusemea.

Alhamisi, tarehe 4

Mvua. Mwamvita wa nyumba ya pili kaja kuomba chumvi, kakaa saa mbili. Sikusema. Alipoondoka nimefagia nyumba mara mbili.

Jumamosi, tarehe 6

Nimemwambia twende hospitali. Kakataa. Kaka yake, Ngollo wa Tura, alipata ukungu huohuo, akachokonolewa macho, leo anatembea kwa fimbo. Sasa kila nikifungua mdomo niseme hospitali, Sabiri ananijibu neno moja tu, "Ngollo." Basi nafunga mdomo. Mwezi huu naufunga sana huu mdomo, si kawaida yake.

Jumatatu, tarehe 8

Shoga, mimi fundi umeme! Usicheke.

Jana kutwa Sabiri kanifundisha hapa nyumbani. Kasema kama macho yake hayatoshi, basi atatumia yangu, nitamfuata kazini kama nimeenda kumshikia ngazi. Kanifundisha hivi. Testa yenyewe kwanza uijaribu mahali unapojua umeme upo, isipowaka pale hiyo ni mbovu, tupa. Halafu meni swichi ya nyumba nzima izimwe. Halafu ndiyo ujaribu ule waya unaotaka kuushika. Halafu urudi tena penye umeme, hata kwa jirani, uone testa bado nzima, isije ikawa imekufia njiani ikakudanganya. "Umeme unaulizwa mara tatu," kasema, "mara moja ni kubahatisha." Mkono uwe mkavu. Kidole kisiteleze kikagusa kile chuma cha mbele. Usisimame kwenye maji. Na ukiwa juani ukizibe kitaa na kiganja, maana mwanga wake ni mdogo, jua linaumeza.

"Na ukimwona mtu kanaswa," kasema, "usimshike. Mtanaswa wote. Chukua mti mkavu, mpige nao mkono mpaka uachie."

"Nikupige wewe?"

"Unipige. Si umengoja nafasi hiyo miaka yote?"

Tulicheka, mwenzangu. Tulikuwa hatujacheka tangu siku ile ya soketi.

Sasa ikabaki, nitamwambiaje mbele za watu kama inawaka ama haiwaki, wasijue kwamba yeye haoni? Akafikiri, akasema, "Wewe huwa hunyamazi." Nikasema ndiyo, Mungu kanijalia. "Basi porojo zako endelea nazo. Ukiwa unaongea najua haiwaki, nashika waya. Ukinyamaza najua inawaka, naondoa mkono."

Leo tumeenda saluni moja Isevya. Nimeongea nusu saa habari za harusi ya mtoto wa Tunu, waya tatu zimefungwa, wateja wamecheka, hakuna aliyejua kitu. Sijawahi kulipwa sifa kwa kuongea. Leo Sabiri kaniambia, "Umefanya kazi."

Jumapili, tarehe 14

Mwamvita kaniambia watu wanavyosema. "Mama Najiat, eti siku hizi unamlinda mume? Eti kuna mwanamke Isevya, ndiyo maana unabeba ngazi?"

Nikasema ndiyo, yupo, mweupe, mnene, namlinda mume wangu.

Jamani! Nimejisingizia ukewenza na mtu ambaye hayupo, ili siri isitoke! Sabiri nilipomwambia kacheka mpaka machozi, halafu kayafuta machozi yale, akabaki anaangalia mkono wake kama anautafuta.

Jumamosi, tarehe 20

Leo nimenyamaza.

Tulikuwa dukani kwa Nishant, anauza waya na balbu kule mjini, na marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha Sabiri kazi akiwa kijana. Taa ya stoo ilikuwa inazimika ovyo. Nishant mwenyewe kazima breka, kile kiswichi cha kukatia umeme. Sabiri kapanda ngazi, mimi chini, niko katikati ya habari ya bibi harusi aliyekataa kushuka kwenye bajaji. Testa ikagusa waya. Ikawaka. Rangi ya chungwa, shoga, kama jicho la paka. Nikanyamaza neno likiwa mdomoni.

Mkono wa Sabiri ukarudi nyuma.

Ikaonekana breka iliyozimwa siyo ya stoo. Nishant akazima nyingine. Kisha akanigeukia, "Sasa mama, yule bibi harusi alishuka?"

"Nimesahau," nikasema.

Nishant akaniangalia sana. Halafu akamwangalia Sabiri pale juu. Ana akili yule, kama baba yake. Lakini hakusema kitu.

Jumatatu, tarehe 5 Januari

Mvua siku sita mfululizo. Uyoga umejaa sokoni, nimepika na karanga. Nyumba za watu zinavuja, kila ukuta uliolowa unarusha umeme, na kila anayerushwa anamwita Sabiri. Tumefanya kazi nyumba tisa. Mguu unaniuma, koo limekauka kwa kuongea.

Ijumaa, tarehe 9

Ukungu umeongezeka. Leo kanisalimia mimi shikamoo, kadhani ni mama mkwe.

Alhamisi, tarehe 15

Sijaandika tangu Ijumaa. Sasa naandika yote, hata nikilia ukurasa ukalowa nitaendelea hivyohivyo.

Juzi Jumanne, asubuhi saa nne, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali, lile jua la baada ya mvua linalochoma macho. Mwamvita akaja, taa ya chumba chake cha uani inatoa cheche, Fundi Sabiri aje aangalie. Nyumba ya pili tu, shoga. Nyumba ambayo nikikohoa wananijibu. Tulienda kama tunaenda kunywa chai.

Sabiri akafanya yote. Testa akaichomeka kwenye soketi ya ukumbini, nikanyamaza, akajua inawaka. Akazima meni swichi. Akachomeka tena palepale, nikaanza kuongea, akajua haiwaki. Basi tukaenda uani.

Waya ule ulikuwa nje, chini ya bati la kibaraza. Sabiri akakipindua kinu cha Mwamvita, kimelowa chepechepe, akapanda juu yake. Mkono wa kushoto kashika nguzo ya bomba asianguke. Mkono wa kulia una testa. Mimi niko chini yake, uso juu. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kuangalia.

Mwamvita akasema, "Mama Najiat, yule bibi harusi, mtoto wa Tunu, karudishwa kwao, unajua?"

Wallahi nilikuwa nimeangalia juu. Halafu nikageuka. "Karudishwa! Na mahari je?" Nikageuka na mwili mzima, shoga, na mikono kiunoni. "Na ile bajaji ya maua, hata miezi miwili haijaisha!" Naongea. Naendelea kuongea. Nyuma yangu Sabiri kagusa waya na testa, anasikia sauti yangu inakwenda vizuri kama mto.

Akaushika waya.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu anapiga kelele. Nilisikia kitu kama mtu anakoroma, nikageuka, meno yameumana, mkono umeng'ang'ania waya, mwili mzima unatetemeka. Mayo wane, mama yangu! Nikamrukia. Mikono yangu ilikuwa karibu kumgusa kiuno, karibu hivi, ndiyo nikasikia kichwani sauti yake ya siku ile, usimshike. Nikakimbilia jikoni kwa Mwamvita, mchi wa kinu ulikuwa umeegemezwa ndani, mkavu. Nikarudi nao nikampiga mume wangu mkono kwa nguvu zangu zote. Mara ya kwanza haukuachia. Mara ya pili ukaachia, akaanguka kwenye matope kama gunia.

Na Mwamvita anapiga kelele, hasemi Sabiri, anasema, "Ezekia! Zima! Ezekia, zima ule waya!" Kakimbilia kwenye uzio wa nyuma.

Hapo ndipo nikaelewa. Chumba kile cha uani hakikuwa kwenye mita ya Mwamvita. Uniti zake zinaisha kila mara, basi kamwomba Ezekia wa nyumba ya nyuma, wakavuta waya juu ya uzio. Akaona aibu kusema. Mtu mwenye mdomo kama wake, kitu kimoja tu alichonificha maisha yake yote, ni hicho. Unazima umeme wa nyumba nzima, uani umeme unaingia kutoka kwa jirani.

Lakini testa ingesema. Testa haijali mita ya nani. Kama ningeziba jua na kiganja nikaangalia, ingeniambia.

Sabiri alikuwa anapumua. Ezekia akaleta bajaji, tukampeleka hospitali. Vidole vitatu vimeungua, moyo wakauangalia siku mbili kwa mashine. Jana jioni kafungua macho vizuri, nikamwinamia. Nilitaka anitukane. Akasema pole pole, "Ulikuwa unaongea. Nikajua salama."

Basi. Hilo tu. Toka jana nalisikia hilo tu.

Ijumaa, tarehe 16

Karudi nyumbani. Majirani wamejaa. Kila anayeuliza anajibiwa, "Testa ilikuwa mbovu."

Jumapili, tarehe 18

Nimeichukua testa ile, nimeipangusa matope, nimeichomeka soketi ya jikoni. Imewaka.

Nikamfuata ndani. "Kwa nini unaisingizia testa? Waambie ni mimi."

"Nikisema ni wewe uliyetakiwa kuangalia, wataniuliza kwa nini sikuangalia mwenyewe."

Nilikuwa nadhani ananificha mimi. Kumbe anajificha yeye.

Mwamvita naye kaja na bakuli la uji, kakaa mlangoni, hajaingia. "Shoga, ule waya nimeukata kwa kisu. Mdomo wangu mimi basi, sizungumzi tena na mtu." Hata habari ya Tunu hajaimalizia. Tumekaa, wanawake wawili wa Ng'ambo, tumeangalia kuku.

Alhamisi, tarehe 22

Bandeji bado ipo mkononi na kaanza kupanga begi la kazi.

Jumamosi, tarehe 24

Nimefanya jambo. Sijui kama nimeokoa au nimebomoa. Nakueleza, wewe huna mdomo.

Asubuhi kabeba begi. Kuna mama Gongoni kampigia simu, nyumba nzima inarusha. Nikachukua ngazi nimfuate, akainyakua. "Wewe baki."

"Utaangaliaje testa?"

"Nitaacha testa. Nitaugusa waya kwa mgongo wa kidole, kama wazee wa zamani. Ukinirusha, utanirusha nje."

"Na moyo wako? Juzi tu umetoka kwenye mashine!"

"Mama Najiat, fundi asiyekwenda kazini ni mtu gani?" Akatoka. Kajikwaa kizingiti chake mwenyewe, nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nilisimama pale mlangoni. Nikafikiria kumpigia Najiat. Nikafikiria kumkimbilia nimshike kanzu. Halafu nikajiuliza, mimi Sikuzani nina nini? Sina shule. Nguvu sina, wala hanisikilizi. Nina mdomo. Mdomo huu ndio ulimwangusha.

Nikavuka kwenda kwa Mwamvita. Alikuwa anapepeta mtama.

"Shoga, nina neno. Nataka ulitangaze."

"Mimi? Si nimekwambia nimeacha!"

"Leo urudie. Kwa nguvu zako zote. Mpigie wa Gongoni, mpigie wa Isevya, mpigie kila mtu mwenye nyumba yenye balbu." Nikamwambia yote. Kitaa asichokiona. Hospitali anayoikataa kwa jina la Ngollo. Porojo zangu za uongo. Kunyamaza kwangu. Mchi. Na kwamba siku ile kwake nilikuwa naongea badala ya kuangalia.

Mwamvita ungo ulimdondoka. "Kumbe hakuna mwanamke mweupe Isevya?"

"Hakuna."

Akalia. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu.

Kabla ya adhuhuri Sabiri karudi na begi. Yule mama wa Gongoni kampokea mlangoni kwa heshima zote, kampa maji, kamwambia, "Baba yangu, pole na macho, nenda kapumzike." Kaweka begi chini ya kitanda. Hajaniuliza. Amejua mdomo ni wa nani.

Jumanne, tarehe 27

Siku ya nne hajasema na mimi. Simu yake haiiti.

Ijumaa, tarehe 30

Kasalimiana na kuku. Mimi kanipita.

Jumapili, tarehe 1 Februari

Mvua ya mawe. Bati limepigwa ngoma mchana kutwa na ndani hakuna anayeongea. Nimemwekea chakula, kala. Nimeondoa sahani. Nimegundua kitu, kwamba kimya nacho kina uzito, unakibeba unachoka mabega. Kumbe ndiyo maana siku zote naongea.

Jumatano, tarehe 4

Ngollo kaja! Kashuka na treni kutoka Tura, kashikwa mkono na mkewe, fimbo inagonga kizingiti kabla yake. Habari zilimfika na abiria, eti mdogo wako kapofuka na mkewe anampiga michi. Umeona mdomo wa Mwamvita unavyosafiri?

Sabiri kamwamkia, "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia hospitali huendi kwa sababu yangu."

Sabiri kamsogezea kiti.

"Nasema na wewe. Mimi nani alinichokonoa?"

"Kaka, hayo yamepita."

"Nani?"

"Mganga," kasema Sabiri, kwa sauti ndogo. "Yule wa ng'ambo ya reli."

"Kwa mwiba. Nimelala kwenye ngozi ya mbuzi. Na wewe ulikuwepo, uliniambia kaka twende Tabora kwa madaktari, mimi ndiye niliyekataa. Sasa mke wako miezi miwili unamwambia Ngollo, Ngollo, kama mimi ni dawa ya kukataa dawa." Fimbo akaipiga chini. "Usijifiche nyuma ya macho yangu, Sabiri. Mimi mwenyewe humo ndani ni giza."

Shoga, nilikuwa nyuma ya pazia. Kumbe na mimi nilikuwa nimedanganywa! Siku zote nilidhani ni hospitali iliyomharibu Ngollo, na Sabiri aliniacha nidhani hivyo, maana hakutaka kusema tu kwamba anaogopa. Nilitaka nitoke nimpige mchi mwingine. Halafu nikamwona kainamisha kichwa, kama mtoto aliyelowa. Nikaenda kupika chai.

Jumatatu, tarehe 9

Nishant kaja na mama yake, Bi Parin, mzee yule hatoki nyumbani kwa mwaka, leo katoka. Kafanyiwa upasuaji macho yote mawili mwaka jana. Kamwambia Sabiri, "Mwanangu, nilikuwa sioni hata punje za bizari. Sasa naona mpaka uchafu wa nyumba za watu." Nishant kasema alijua tangu siku ile nilipomsahau bibi harusi. Hakusema kwa sababu ya heshima.

"Mngesema," nikamwambia. "Heshima nayo ingemuua."

Ijumaa, tarehe 13

Kakubali! Jana hospitalini wamemtengeneza jicho la kushoto. Kilichomziba kinaitwa mtoto wa jicho, eti wamekitoa na kuweka kioo. Dakika chache, na mimi nje nimemaliza tasbihi mara kumi na moja. Jicho limezibwa. Haruhusiwi kuinama, haruhusiwi maji usoni. Njiani kwenye bajaji kanishika mkono, lakini nadhani ni kwa ajili ya mashimo.

Jumamosi, tarehe 14

Wametoa bandeji. Kaniangalia sana. Neno la kwanza baada ya wiki tatu, "Umenenepa."

Nikasema alhamdulillahi.

Alhamisi, tarehe 19

Ramadhani imeanza. Jicho linaona. La kulia bado, wamesema hadi baada ya Idi. Anaongea na mimi mambo ya lazima tu. Chumvi. Ndoo. Dawa ya matone. Begi lake bado liko chini ya kitanda na mimi nalifagilia pembeni kama kuna nyoka ndani.

Nimemwomba radhi jana baada ya futari. Kwa yote mawili, siku niliyoongea kwa Mwamvita nikamwangusha, na siku niliyoongea na Mwamvita nikamtangaza. Kajibu, "La kwanza nimekusamehe palepale uani. La pili bado nalitafuna."

Jumamosi, tarehe 28

Simu yake imeita. Mtu wa Kachoma. Kasema, "Bado, ndugu yangu. Nitakwambia." Hakudanganya. Amesema bado! Nimeandika hili kwa herufi kubwa kichwani mwangu.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mvua zimeanza kupungua. Niko uani nakwangua viazi vya futari na daftari liko juu ya ndoo, samahani na hilo doa. Nimesikia begi linavutwa chini ya kitanda. Nilivyoshtuka, shoga, nimekwangua mpaka na ukucha wangu. Sasa nasikia yuko jikoni. Anasogeza meza. Meni swichi imegonga, ta, kaizima mwenyewe. Kaiwasha tena. Nasikia anahesabu kwa sauti, moja, anaijaribu penye umeme. Mimi sijasogea, sijaitwa. Nimejiapiza safari hii siingii bila kuitwa, na sisemi, wala si

Ananiita! "Mama Najiat! Njoo uangalie na wewe. Mimi naiona inawaka, lakini jicho ni moja na umeme ni mwingi. Na useme kwa maneno, inawaka ama haiwaki, mambo ya kunyamaza yamekwisha. Njoo na macho, zile porojo ziache humohumo kwenye daftari lako!"

Kumbe analijua daf